Treni ya mizigo, kilomita 480: wahudumu wabadilishwe wapi?

Swali lililonifikia, kwa ufupi, ni hili: "Napanga zamu za wahudumu kwenye njia moja ya reli ya treni za mizigo, urefu wake kilomita 480. Kila siku zinakwenda treni 4 na zinarudi 4. Kila treni ina dereva na gadi. Kanuni yetu inasema zamu isizidi saa 12, wiki isizidi saa 45, na mapumziko kati ya zamu na zamu yasipungue saa 10. Nimepanga kuwabadilisha wahudumu katikati kabisa, kilomita ya 240, kwenye stesheni ndogo ya kupishania treni. Wakubwa wananiambia timu 20 zinatosha. Je, nimepanga sawa? Na je, dereva na gadi lazima wabadilishwe pamoja?" Muulizaji ameambatanisha kumbukumbu za mwendo wa treni zake kwa miezi mitatu, na namshukuru sana kwa hilo, kwa sababu bila kumbukumbu hizo ningekuwa nabahatisha.

Ndugu yangu, katikati ya njia si katikati ya kazi. Wahudumu hawachoki kwa kilomita, wanachoka kwa saa. Kumbukumbu zako zinaonyesha kwamba kilomita 205 za mwanzo ni vilima, na treni yenye mzigo inazimaliza kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa, ukijumlisha na muda wa kusubiri kupishana. Hizo ni saa 8 na nusu. Baada ya hapo ni tambarare, kilomita 275 kwa wastani wa kilomita 36 kwa saa, yaani saa 7 na dakika 40 hivi. Sasa ukikata kwenye kilomita ya 240, timu ya kwanza inakaa njiani saa 9 na nusu, na ya pili saa 6 na dakika 40. Ramani inasema umegawa nusu kwa nusu, lakini umeibebesha timu moja karibu saa 3 zaidi ya mwenzake. Treni zinazorudi na mabehewa matupu ni nyepesi na hazina shida hiyo, kwa hiyo upande wenye mzigo ndio unaoamua.

Ukiangalia vizuri, kwenye kilomita hiyo ya 205 vilima vinapoishia kuna mji wenye yadi ya kupangia mabehewa. Hapo mgawanyo ni saa 8 na nusu kwa saa 7 na dakika 40. Mimi ningehamia hapo hata kabla ya kuangalia mambo mengine, na mambo mengine yenyewe yanaelekeza huko huko.

Halafu kuna kosa ambalo naliona kwenye karibu kila ratiba ya wahudumu inayoletwa mezani kwangu: zamu imehesabiwa tangu magurudumu yanapoanza kuzunguka. Zamu huanza dereva anaposaini kuingia kazini. Anasoma matangazo ya siku, hasa yale ya sehemu zilizowekewa mwendo mdogo. Anatembea hadi kwenye kichwa cha treni, anakikagua, kinaunganishwa na mabehewa, breki zinajazwa hewa, na mtu anatembea urefu wote wa treni kuhakikisha kila behewa linakamata na kuachia. Treni ndefu haimalizi hayo kwa dakika 10. Kwa yadi yako ya mwanzo nimeweka saa 1 na robo, na mwisho wa safari nusu saa ya kukabidhi na kusaini kutoka. Kwa hiyo zile saa 8 na nusu za vilima ni zamu ya saa 10 na robo, na hapo ni siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa.

Siku mbaya je? Chukua safari zote za miezi mitatu, zipange kutoka fupi hadi ndefu, kisha tazama ile ya tisini katika kila mia. Usitumie wastani. Wastani unakuambia treni ya kawaida itafika lini, ila kazi yako ni kujua timu gani itaishiwa muda porini. Kwenye vilima vyako safari hiyo ya tisini inachukua saa 10 na nusu. Ukiongeza maandalizi na makabidhiano unapata saa 12 na robo. Maana yake ni kwamba hata mjini, hata baada ya kuhama kutoka kilomita ya 240, treni moja katika kila kumi itavunja kanuni. Kwenye mpango wako wa awali hali ni mbaya zaidi: siku kama hiyo zamu ingepita saa 13.

Tiba yake haihitaji kujenga kitu. Weka kikosi cha yadi kinachounganisha kichwa, kujaza hewa na kupima breki kabla timu ya safari haijasaini. Dereva wa safari anapokea treni iliyo tayari pamoja na karatasi ya majaribio ya breki, na muda wake wa kuanzia unashuka hadi dakika 45. Siku mbaya sasa ni saa 11 na dakika 45. Imebana, lakini imo ndani. Upande wa tambarare hauna tatizo: safari mbaya ni saa 9, na timu inayopokea treni mjini inahitaji nusu saa kuanza na nusu saa kumaliza, jumla saa 10.

Sasa mahali penyewe. Stesheni ya kupishania uliyoichagua ipo kwenye mteremko, na jambo hilo peke yake lingetosha kunifanya niikatae. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013 nchini Kanada, treni ya mabehewa 72 ya mafuta ghafi iliachwa kwenye njia kuu huko Nantes, jimbo la Quebec, ikisubiri timu ya asubuhi. Dereva alikuwa peke yake na zamu yake ilikuwa imekwisha. Alifunga breki za mkono 7, akaacha kichwa kimoja kikiunguruma ili hewa ya breki isipungue, akaenda kulala hotelini. Kichwa kile kikawaka moto, wazima moto wakazima moto na injini yake, hewa ikavuja polepole, na treni ikateremka yenyewe kama kilomita 11 hadi katikati ya mji wa Lac-Mégantic. Watu 47 walikufa. Wengi huikumbuka ajali hiyo kwa sababu ya breki, na ni haki. Mpanga zamu anapaswa kuikumbuka pia kama habari ya kituo cha kubadilishia wahudumu kilichowekwa kwenye mteremko, kwenye njia kuu, na timu ya kupokea haipo.

Kwa hiyo kituo kiwe mahali tambarare, penye njia ya pembeni inayomeza treni yako ndefu kuliko zote, na isiwe inaziba makutano ya reli na barabara. Treni ikisimama dakika 20 huku imefunga barabara ya mji, mkuu wa stesheni atasukumwa aiondoe haraka, na makabidhiano yatakatwa. Pawe na taa, njia ya kutembea isiyo na kokoto kubwa, mawasiliano ya redio yasiyokatika, na barabara ambayo gari la wahudumu linapita hata mvua ikinyesha. Kuna jambo dogo linalosahaulika sana: treni zinazokwenda na zinazorudi hazisimamishi vichwa vyao sehemu moja. Treni ikiwa na urefu wa kilomita 1, kichwa cha treni ya kwenda kipo mwisho mmoja wa njia ya pembeni na cha treni ya kurudi kipo mwisho wa pili. Ukijenga kibanda kimoja tu, nusu ya timu zako zitatembea kilomita nzima usiku zikiwa na mizigo begani. Jenga viwili, au weka gari.

Kama vichwa vyenu vinatiwa mafuta njiani, au mabehewa yanakaguliwa njiani, yote yafanyike hapo hapo wahudumu wanapobadilishana. Treni inasimama mara moja kwa sababu tatu.

Makabidhiano yafanyike ana kwa ana, treni ikiwa imesimama. Nasisitiza hili kwa sababu ya Hinton, jimbo la Alberta, Kanada hiyo hiyo, tarehe 8 Februari 1986. Treni ya mizigo ilipita ishara nyekundu ikagongana na treni ya abiria, wakafa watu 23. Uchunguzi uliongozwa na jaji Foisy, na mojawapo ya mambo ulioyaanika ni namna timu ile ilivyoipokea treni kwenye stesheni ya Edson: treni haikusimama, ilipunguza mwendo tu, wenzao wakashuka nao wakarukia. Ilikuwa desturi ya kuokoa mafuta na muda. Jaribio la breki lililotakiwa wakati wa kubadilishana halikufanyika. Tena wahudumu wale walikuwa wamelala kidogo kabla ya kuitwa kazini. Chanzo hasa cha kutosimama kwao hakikuweza kuthibitishwa, kwa sababu waliokuwa kwenye kichwa hawakunusurika, lakini mazoea yale yalitosha kuitikisa reli nzima. Dakika 15 za dereva kumwambia mwenzake "breki zinachelewa kuachia, behewa la 23 lina kelele, daraja la mbele lina mwendo mdogo" zimo ndani ya ratiba, si muda unaoporwa.

Tukiisha kupata mahali, yanakuja mapumziko, na hapa nitakawia kidogo, maana hapa ndipo ratiba nyingi nzuri kwenye karatasi huharibika.

Kanuni yako inasema saa 10 kati ya zamu. Saa 10 za mapumziko si saa 10 za usingizi. Toa muda wa kufika penye kitanda, kuoga, kula, kuongea na watoto kwa simu, kuamka na kurudi kituoni, na umebaki na saa 6 au 7 iwapo chumba ni kimya na chenye giza. Na iwapo saa hizo zimeangukia usiku. Mtu aliyesaini kutoka saa 3 asubuhi analala vibaya hata umpe kitanda cha kifalme, kwa sababu mwili wake unaamka na mchana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulipima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo na kukuta utendaji wao umeshuka sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Fikiria dereva aliyeamka saa 12 asubuhi, akaitwa kazini saa 2 usiku: akifika saa 5 usiku amekaa macho saa 17, na bado ana vilima vyote mbele yake. Kwa sheria hajavunja chochote. Ndiyo maana ninaposoma ratiba natazama kwanza nani atakuwa kwenye kichwa kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri, wakati mwili unapodai usingizi kwa nguvu zaidi, halafu nauliza ameamka lini.

Nchi nyingine zimelazimika kuandika hili kwenye sheria. Marekani ilianza na saa 16 kwa zamu mwaka 1907, ikaja kushusha hadi 12, na sheria ya mwaka 2008 ikaweka mapumziko ya saa 10 yasiyokatizwa hata kwa simu ya ofisini. Sheria hiyo hiyo iliwekea kikomo kile kipindi ambacho mhudumu amemaliza saa zake lakini bado yuko njiani akisubiri gari la kumpeleka kulala, muda ambao si kazi wala si mapumziko. Kikomo ni saa 30 kwa mwezi. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2005 kuhusu wahudumu wanaovuka mipaka, unatofautisha mchana na usiku: kuendesha kusizidi saa 9 katika zamu ya mchana na saa 8 katika ya usiku, na mapumziko ya nyumbani ni saa 12. Huna haja ya kusubiri kanuni yako ibadilike ili kuiga hiyo ya usiku. Treni ya vilima inayopanda usiku iwe ya timu iliyopumzika zaidi, siyo ya timu iliyo karibu.

Jambo linalowaumiza wahudumu kuliko urefu wa zamu ni kutojua wataitwa lini. Kwenye reli nyingi za mizigo timu zinapangwa foleni, ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, na simu inalia treni ikikaribia. Mtu amelala mchana akidhani ataitwa usiku, haitwi. Akikaa macho na familia, anaitwa. Juni 2004 huko Macdona, Texas, treni ya mizigo ilipita ishara ikaigonga nyingine, gesi ya klorini ikavuja, wakafa watu 3, na wachunguzi wakataja uchovu wa wahudumu kuwa chanzo. Wewe una treni 8 tu kwa siku, tena kwa saa zinazojulikana. Usiweke foleni. Mpe kila mtu ratiba ya wiki mbili mbele, na zamu zake zisogee mbele, asubuhi kwenda mchana kwenda usiku, kwa maana mwili unavumilia kuchelewa kulala kuliko kuwahi.

Timu zilale wapi? Kwa saa 8 na nusu upande wa vilima na saa 7 na dakika 40 upande wa tambarare, hakuna timu itakayofika mjini na kurudi kwao katika zamu ile ile. Ule utaratibu mzuri wa kukutana na treni ya upande wa pili, kubadilishana vichwa na kurudi nyumbani, unafaa sehemu zinapokuwa za saa 4 hivi. Ungelazimika kuikata njia vipande vinne, kuwa na vituo vitatu vya kubadilishia badala ya kimoja, na treni moja ikichelewa inachelewesha na ile inayokutana nayo, pamoja na timu zote mbili. Kwa treni 4 kila upande sikushauri. Wala usivutiwe na mtindo wa Australia, ambako treni zinazokatiza uwanda wa Nullarbor huvuta behewa la kulala, timu moja ikiendesha na nyingine ikipumzika. Pale ni mamia ya kilomita bila mji. Wewe mji unao.

Ningeweka makazi ya kudumu ya timu kwenye ncha mbili za njia, na nyumba moja ya kupumzikia mjini kwa timu za pande zote mbili. Nyumba moja ni rahisi kuitunza vizuri kuliko mbili: chumba cha mtu mmoja mmoja, pazia nzito, jiko linalofanya kazi saa zote, na umbali wa kutosha kutoka yadi ili honi zisiwaamshe. Mjini pia pawe na timu chache za akiba zinazoishi hapo, zenye kuijua njia ya vilima na ya tambarare. Hizo ndizo zitakazotoka na gari kwenda kuiokoa treni iliyokwama, upande wowote. Wape safari za kawaida za kutosha ili wasiisahau njia.

Kuhusu kukwama: ofisi ya uongozaji wa treni isisubiri saa ya 11 ndipo ianze kutafuta timu. Chagua stesheni moja iliyo kama robo tatu ya kila sehemu. Treni ikipita hapo ikiwa imechelewa kiasi ambacho haitamaliza ndani ya muda, gari la timu ya akiba linaondoka dakika hiyo hiyo, na mwongozaji anaamua treni itasubiri kwenye njia gani ya pembeni. Muda wa timu ya akiba kukaa garini ni kazi, uhesabu ndani ya zamu yao. Na treni isiachwe bila mtu.

Timu 20, basi. Treni 8 mara sehemu 2 ni zamu 16 kwa siku, zamu 5,840 kwa mwaka. Mtu mmoja ana siku 365. Ondoa siku za mapumziko ya wiki 104, likizo 28, sikukuu 10, kisha ugonjwa na mafunzo 20, na umebaki na siku 203. Ukigawa kwa hizo unapata timu 29. Lakini zamu ya saa 10 kwa siku 5 ni saa 50, na kanuni yako ni saa 45 kwa wiki, kwa hiyo siku 203 zinakupa zamu 183 tu. 5,840 kwa 183 ni timu 32. Ongeza zamu 3 za akiba kwa siku, moja kila ncha na moja mjini, ambazo ni timu nyingine 6. Jumla 38. Waonyeshe wakubwa hesabu hii mstari kwa mstari. Timu 20 zinaweza kuendesha treni zako kwa wiki kadhaa, kwa sababu watu wanajitolea na wanahitaji fedha za ziada, kisha likizo zinaanza kunyimwa, wagonjwa wanaongezeka, na treni zinasimama kwa kukosa dereva huku vichwa vipo. Kama bajeti kweli haifiki 38, punguza treni kabla hujapunguza mapumziko.

La mwisho, dereva na gadi. Kanuni yako haikulazimishi kuwabadilisha pamoja, lakini wabadilishe pamoja. Ukiwatenganisha unakuwa na makabidhiano mawili kwenye safari moja, na mara nyingi mmoja wao atakuwa karibu na mwisho wa saa zake wakati mwenzake ndiyo kwanza ameanza, kwa hiyo yule aliyechoka ndiye anayeamua treni itafika wapi. Nafasi pekee ya kuwatenganisha ni dereva mgeni anapojifunza njia: huyo aingie na dereva wa njia hiyo kama mtu wa tatu, asihesabiwe kwenye zile timu 38 mpaka amepita vilima mchana na usiku, na mzigo na bila mzigo.